Fisi Asiyekuwamo Kitabuni

Nefas Mewcha, 12 Tikimt 1989

Kwako dada Zenebech,

Kwa heshima zote, na baada ya kutafakari kwa kina, natangaza rasmi kwamba leo, siku ya Mikaeli Mtakatifu, saa tatu asubuhi, mbele ya darasa zima la nne, kiti cha mwalimu wa Kiamhari kimefariki dunia. Kimefia kazini. Mimi nilikuwa juu yake. Marehemu ameacha miguu miwili na msumari mmoja, na huo msumari ndio ulionisindikiza mpaka sakafuni. Mwalimu Mkuu Workneh alikuja kutoa pole akasema, "Asrat, kiti hakikuwa na kosa. Kamuulize mkeo anakuwekea injera ngapi." Mazishi yamefanyika kwa mlinzi wa lango, ambaye amekifanya kuni za kuchemshia kahawa.

Mbali na msiba huo, vitabu vyenu vimefika. Kitabu kimoja kwa watoto watano, lakini sikulalamika. Mwaka jana kilikuwa kimoja kwa watoto kumi. Nimewapanga watano watano, ila benchi la mwisho ni fupi, linabeba wanne, na wa tano anakaa kwenye jiwe upande wa pili, anawatazama wenzake.

Sasa nilalamike. Mimi ndiye niliyekuandikia nikikulilia kwamba watoto wetu wanafundishwa kusoma kwa habari za mmomonyoko wa udongo. Nilisema: wapeni hadithi, mtaona watakavyozikimbilia herufi kama mbwa aliyesikia harufu ya mfupa. Ukanipigania huko ofisi ya elimu ya mkoa, ukanipatia kipindi cha hadithi, na namshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini Zenebech, ndiyo mkaniletea punda huyu?

Nakukumbusha, maana huenda hukuisoma. Bi Alganesh ni mjane. Ana punda mmoja. Punda anabeba shayiri kwenda kinuni, giza linaingia, punda anapotea. Mpaka hapo darasa zima limeshika pumzi, hata mimi. Kijiji kinawasha mienge, kinamtafuta, hakimwoni. Asubuhi punda anarudi mwenyewe, mzima, na gunia lake mgongoni. Watu wote wanafurahi, wananawa mikono kwa sabuni, wanakula. Mwisho.

Kwa sabuni, dada yangu. Punda amelala nje usiku kucha katika milima hii na fisi hakumwona. Fisi wote walikuwa wapi, kwenye mkesha wa kanisa? Nilipofika mwisho, mtoto mmoja anaitwa Destaw, mdomo mrefu kuliko mkono, aliinuka akauliza, "Mwalimu, huyo punda alikuwa wa bati?" Darasa likaangua kicheko, na kitabu kikafungwa. Sikukifunga mimi. Kilifungwa na watoto, kimoja baada ya kingine.

Nani aliyeandika kitu hiki? Hakuna jina. Ningekuwa mimi nami ningelificha. Namwona kabisa: bwana mwenye tai, na punda amemwona kwenye kalenda.

Rafiki yako wa chuoni, niliye sasa mwalimu wa kusimama,
Asrat


Bahir Dar, 27 Tikimt 1989

Kaka Asrat,

Pole kwa msiba. Mwambie mkeo nimesema aendelee na injera zake. Kiti kingine kitapatikana.

Huyo mwandishi simjui sana, ila nasikia hana tai. Nasikia pia amezaliwa Estie, na ameswaga punda wengi kuliko wewe uliyekulia kwenye ua wa kanisa ukiomba makombo huku unakariri zaburi. Lakini tuyaache. Mtu akishaandika kitu kikapita mikononi mwa kamati, kinachotoka upande wa pili si lazima kifanane na kilichoingia. Hilo nakuambia kama mtu anayekaa kwenye hizo kamati na kunywa chai yake baridi.

Sasa sikiliza, maana hili si la mzaha. Kipindi cha hadithi ni cha majaribio. Wapo watu hapa ambao tangu mwanzo walisema hadithi ni mchezo wa jikoni, za kusimuliana wakati kahawa inakaangwa, na kwamba shule ni mahali pa udongo na sarufi. Wanasubiri tuanguke. Kabla ya Krismasi ya Genna mmoja wao atakuja kuwasikiliza watoto wako. Wakisoma, hadithi zinabaki kwenye kitabu, na mwakani tunadai nyingine. Wasiposoma, hadithi zinaondolewa mkoa mzima, na mimi nitahamishiwa chumba cha kuhesabu chaki.

Kwa hiyo: usiongeze, usipunguze. Soma kilichoandikwa, kizuri au kibaya. Na unijibu swali moja bila kunizungusha kwenye mazishi ya viti. Mtoto mmoja peke yake, kitabu mkononi, mwalimu kimya: anasoma?

Zenebech


Nefas Mewcha, 14 Hidar 1989

Dada Zenebech,

Wanasoma. Ungepita barabarani ukawasikia, ungedhani mto Abay umehamia darasa la nne. Punda wa Bi Alganesh wanaye mdomoni kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani. Wanamsoma kwenye foleni ya maji. Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni akanishika mkono: "Mwalimu, mwanangu amenisomea habari za punda, mimi na majirani tumelia." Nikamuuliza, "Mmelia nini, mama, si punda alirudi?" Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Basi, wazazi nao wana masikio yao.

Na mwandishi wenu nimemsamehe, tai yake na kila kitu.

Lakini usidhani ninalala nikicheka. Kila darasa lenye mto lina jiwe lake, na langu linaitwa Mintwab. Huyu ndiye anayekaa upande wa pili wa benchi. Huu ni mwaka wake wa pili darasa la nne, na mwaka wa kwanza pia alikaa juu ya jiwe hilohilo, hata wenzake wanaliita kiti cha kurithi. Wenzake wakisoma, yeye kimya. Si kimya cha aibu. Kimya cha mbuzi anayetafuna. Macho kitabuni, midomo imefungwa. Namsogelea: "Mintwab, soma na wenzako." Ananitazama, anatazama kitabu, ananitazama tena, kana kwamba mmoja wetu amemdanganya. Nikamwita ubaoni, akainamisha kichwa begani, herufi zikamshinda. Nikampa kitabu mkononi akakishika kichwa chini, miguu juu. Zenebech, msichana wa umri huo, na kitabu kichwa chini. Destaw akasema, "Anataka shayiri ya punda imwagike." Nilimkemea, lakini nakiri nilikemea nikiwa nimegeukia dirisha.

Baba yake alikuja shuleni siku ya soko, fimbo begani, mtu mpole. Akasema, "Mwalimu, nina kondoo na nina mtoto mmoja wa kike. Nimemtoa kwa kondoo nikamleta kwako. Mwaka jana mlisema arudie, nikasema sawa. Safari hii mkisema arudi, atarudi nyumbani." Nikamjibu kwamba nitajitahidi. Nimejitahidi mpaka sauti imekauka. Siwezi kuwazuia wote kwa ajili ya mmoja. Nadhani itabidi nimwandike jina kwenye orodha ya walioshindwa.

Wako mwenye hasira na mtoto asiyemkosea chochote,
Asrat


Bahir Dar, 28 Hidar 1989

Kaka Asrat,

Nilikuuliza kuhusu mtoto mmoja peke yake, umenijibu kuhusu mto. Tangu chuoni una tabia hiyo: ukiulizwa shilingi unatoa shairi. Nauliza tena. Mmoja mmoja wanasoma? Umewajaribu? Ukifungua katikati ya ukurasa, ukaweka kidole, mtoto anaanzia hapo, au lazima arudi mwanzo kama mtu anayepanda ngazi?

Usinichukie. Nimeshinda siku mbili kwenye kikao kuhusu kama mbuzi kwenye hadithi ya darasa la tatu aruhusiwe kupanda juu ya paa, kwamba huenda watoto wakaiga. Bwana Gebeyehu alisema mbuzi ashuke. Nikamuuliza, "Watoto gani hao wataiga mbuzi?" Akasema, "Woizero Zenebech, wewe hujazaa." Mbuzi ameshuka. Sasa hadithi inahusu mbuzi aliyesimama, kama yule mliye naye tayari kwenye kitabu chenu cha la nne.

Huyo Gebeyehu ndiye atakayekuja kwako. Ni mwanafunzi wa shule ya kanisa kama wewe, na ndiye mwenyekiti wa wale wa udongo. Atakuja katikati ya mfungo, kwa hiyo msimpikie kitu chenye siagi halafu muanze kuombana radhi. Mpeni dengu.

Kuhusu huyo msichana, usiandike jina lake bado. Mtoto anayekaa kimya wakati wenzake wote wanapiga kelele ama hajui kitu, ama anajua kitu. Punda mwenye sikio lililokatwa hutambulika hata gizani. Na huyo wako ana sikio lake lililokatwa mahali fulani, wewe hujalipapasa tu. Ndivyo hata Bi Alganesh alivyomjua wa kwake.

Zenebech

Nimesoma tena nilichoandika. Mwandishi hakuliweka hilo la sikio kwenye kitabu. Lisahau.


Nefas Mewcha, 12 Tahsas 1989

Dada Zenebech,

Kwa haraka, basi linaondoka na dereva anapiga honi chini ya dirisha langu kama tarumbeta ya kiama.

Bwana Gebeyehu amekuja na amekwenda. Dengu alikula, akaongeza. Watoto walisoma. Aliwasikiliza mwanzo mpaka mwisho, na walipomaliza akanishika mkono, akasema tangu mwalimu wake wa zaburi afariki hajasikia usomaji ulionyooka hivyo. Namnukuu neno kwa neno. Kuna neno moja dogo aliuliza, kuhusu mnyama, nikasema ni mambo ya huku kwetu milimani.

Yule Mintwab kamwona mwenyewe. Ameagiza arudishwe darasa la pili baada ya sikukuu ya Timkat. Si mimi niliyesema. Alisema yeye.

Basi hadithi zetu zimebaki. Furahi. Mbona sifurahi, sijui. Labda ni mfungo.

Asrat


Bahir Dar, 3 Tir 1989

Asrat,

Genna imepita na sikukutumia salamu, na sababu ni hii.

Bwana Gebeyehu amewasilisha taarifa. Nimeisikia ikisomwa mbele ya kamati yote, nimekaa na kikombe mkononi nisijue niweke wapi. Anasema darasa lako linasoma vizuri kuliko yote aliyoyatembelea. Kisha anasema: wamesoma kwamba fisi alitoka kwenye korongo, punda akasimama mbele ya gunia la Bi Alganesh akapiga teke mpaka alfajiri, na asubuhi wakakuta gunia zima na punda amekufa, wakamtambua kwa sikio lake lililokatwa. Akafunga taarifa akaniangalia. "Watoto husoma kilicho mbele yao," akasema. "Kwa hiyo mbele yao kuna kitabu kingine. Nani amekichapisha?"

Sasa nikuambie ambalo ningekuambia tangu Tikimt, kama usingeanza na mambo ya tai. Hadithi ile niliiandika mimi. Punda alikuwa wa mama yangu. Niliandika fisi, niliandika gunia, niliandika sikio. Kamati ilimtoa fisi kwa sababu anatisha, ikamfufua punda, ikaweka sabuni kwa sababu idara ya afya iliomba mahali. Nilitia saini. Nilisema moyoni, afadhali punda mwenye sabuni kuliko udongo. Jina langu nililiondoa mwenyewe, na ulipocheka ulikuwa na haki, lakini niliisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta na nilitaka kukuchapa.

Nakala ya kwanza, yenye fisi, iko ndani ya sanduku langu chini ya nguo za marehemu mama. Hakuna mtu aliyeiona isipokuwa wale wa kamati. Na sasa wanaamini nimekutumia wewe kwa siri, umewapigia watoto nakala, na nimeudanganya mkoa mzima. Tangu juzi wametuma watu kwenye ghala. Wanafungua maboksi, Asrat. Watu wazima watatu wanapekua vitabu vya darasa la nne, ukurasa kwa ukurasa, wanamtafuta fisi.

Sijakutumia kitu. Wewe unajua sijakutumia. Kwa hiyo niambie, na safari hii usinizungushe: watoto wako walimsoma wapi fisi wangu?

Zenebech


Nefas Mewcha, 14 Tir 1989

Dada yangu Zenebech,

Barua yako imenikuta siku ya pili baada ya Timkat, nguo nyeupe bado ziko kwenye kamba. Nimeisoma, nikamsomea mke wangu. Akasema, "Andika ukweli halafu uje ule." Naandika kwanza, kwa sababu nikila nitapata ujasiri wa kusema uongo.

Hawakumsoma mahali popote. Fisi wako hayumo kwenye kitabu chochote cha Nefas Mewcha. Alikuwa mdomoni mwangu.

Ilikuwa hivi. Destaw alipouliza kama punda ni wa bati na vitabu vikafungwa, mimi nilisimama pale nimepoteza kiti na sasa nimepoteza darasa. Nilikuwa nimekuahidi watazikimbilia herufi. Nikafunga na changu. Nikasema, "Haya, sikilizeni ilivyokuwa kweli," nikamtoa fisi korongoni. Sikuhitaji nakala yako, Zenebech. Mtu yeyote wa huku akiambiwa punda amelala nje, fisi anakuja mwenyewe, bila kuitwa. Na gunia? Mjane ana gunia moja. Punda atakufa kwa ajili ya nini kingine? Wewe na mimi hatukuibiana. Tuliogopa fisi wale wale utotoni.

Watoto wote wakanigeukia, hata Destaw. Kesho yake wakasema, tena. Nikasema tena, kwa mapigo, kama mwalimu wangu wa zaburi alivyonifundisha: yeye anatoa mstari, sisi tunaurudisha, anatoa, tunarudisha, mpaka mstari unaota mizizi. Katika wiki moja walikuwa nayo hadithi yote. Nikawaambia fungueni vitabu, na wakaisema huku wanatazama ukurasa, vidole vinatembea chini ya maandishi, kwa mapigo. Nikapita katikati yao mikono nyuma. Kidole kilikuwa kwenye sabuni, mdomo ulikuwa kwa fisi. Nililiona hilo. Nikajiambia kidole kitafika tu.

Nilijiambia hivyo kwa sababu ndivyo mimi nilivyojifunza. Nilikuwa na zaburi zote kichwani kabla sijaweza kutenganisha herufi moja na jirani yake, na hakuna aliyeona kasoro. Kwetu sisi wa ua wa kanisa, sauti ikinyooka, mtu amesoma. Swali lako la mtoto mmoja peke yake nililielewa barua ya kwanza, ndiyo maana nikakupa mto.

Sikio lililokatwa ni lako. Ulinipa Hidar ukaniambia, lisahau. Ni la thamani mno kusahauliwa; nililitia siku ile ile. Sasa nafahamu ndilo lililokukaanga. Lau ningekutii mara moja tu.

Bwana Gebeyehu alipokuja tulimweka mbele kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu. Alipewa kitabu, akakiweka gotini kikiwa kimefungwa. Watoto walipoanza, alifumba macho. Walipofika kwenye korongo alikuwa anayumba, mbele, nyuma, kama tulivyokuwa tukiyumba sote na zaburi zetu za ngozi ya mbuzi mkononi, na midomo yake ikasogea. Hakufungua kitabu hata mara moja. Mtu aliyelelewa hivyo, akisikia sauti imenyooka, kitabu cha nini? Kwa hiyo usimchukie sana. Alifanya kosa langu, ila yeye alilifanya akiwa ameketi.

Walipomaliza akauliza kama kuna asiyeweza. Workneh, Mungu amsamehe, akanyoosha kidole kwenye jiwe. Mintwab akapewa kitabu. Akakigeuza kichwa chini. Darasa likacheka, Workneh akacheka, na mimi, Zenebech, nilitazama dirishani tena. Gebeyehu akamnyang'anya kitabu taratibu akasema, "Huyu arudi darasa la pili." Hakumpa nafasi ya kufungua mdomo. Wala mimi sikusema, mpe nafasi. Nilikuwa naogopa wengine wasije wakapewa.

Hayo ndiyo ya Tahsas. Sasa ya jana.

Barua yako ilifika asubuhi. Niliingia darasani nayo mfukoni, nikawaambia watoto wafungue ukurasa wa punda. Nikamwita Destaw, nikaweka kidole katikati ya ukurasa kama ulivyosema. Nikamwambia, "Soma hapa." Akasema, "Fisi akatoka korongoni." Nikamwonyesha mstari mwingine. "Fisi akatoka korongoni." Nikamfungulia udongo. Akanitazama, akaona uso wangu, akasema polepole, "Mwalimu, na huku ametoka?" Nikawaita wengine. Sitakupa majina yao. Wachache waliokota neno hapa na pale, kama kuku. Wengine walikuwa na fisi tu.

Mintwab hakuwa ametarajiwa. Baba yake alikwisha sema kurudi ni kurudi nyumbani. Lakini alikuwepo, kwenye jiwe lake. Alikuja kurudisha kalamu ya shule. Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia kama mlango.

Nikamuuliza, "Mintwab, kwa nini husomi na wenzako?"

Akasema, "Fisi hayupo."

"Nini?"

"Fisi hayupo hapa, Mwalimu. Nyie mnasema fisi. Mimi nimemtafuta." Akadhani simwamini, akakivuta kitabu, akakigeuza kichwa chini, akaanza kufunua. "Kwa punda hayupo. Nikasema labda wamemweka mbele. Kwenye habari ya nyuki hayupo. Kwenye choo hayupo. Nimemtafuta mpaka kwenye mmomonyoko wa udongo. Kuna mbuzi tu, tena amesimama."

Nikamwambia, "Nisomee hapo kwa mbuzi." Akasoma. Hakupiga mapigo, hakuimba. Alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anasimama, anapima, anakanyaga. Nikafungua pengine, akasoma. Nikafungua kwenye sabuni, akasoma mpaka majirani wakanawa. Kila ninapompa kitabu anakigeuza kwanza, na hapo ndipo mimi, mwalimu wa miaka yote hii, nilipoinua macho nikatazama mahali alipokaa. Kitabu kimoja. Wanne kwenye benchi. Yeye upande wa pili, miaka miwili. Herufi zote alizosoma kitabuni zimekuja kwake kichwa chini, na ubao hauwezi kugeuzwa, kwa hiyo ubaoni anainamisha kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona unajua," akasema. "Nikasema labda fisi yuko kitabu chako."

Destaw akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Kweli hayupo?" Mintwab akamjibu, "Na sikio pia halikuwepo. Limekuja Hidar."

Kwa hiyo, Zenebech, hii ndiyo taarifa, na naomba uisome mbele ya kamati, na kikombe ukiweke mezani. Hakuna kitabu cha siri. Waambie waliomo ghalani wafunge maboksi. Kazi hiyo ilikwisha fanywa na msichana mmoja, naye alimaliza kabla yao. Darasa langu la nne halisomi. Lina mtoto mmoja anayesoma, na huyo ndiye mliyesema arudi la pili. Agizo hilo nimemwambia Workneh sitalitekeleza, akasema, "Wewe nani?" nikasema, "Mtu asiye na kiti." Baba yake Mintwab nimemfuata kwa kondoo wake nikamweleza. Alisikiliza, akauliza, "Basi aliyekuwa hasomi ni nani?" Nikamsaidia kuswaga.

Najua hii itakugharimu. Huenda wale wa udongo wakaitumia kuziondoa hadithi zote, na mimi ndiye niliyewapa kisu. Nimekaa na wazo hilo mpaka chai yangu nayo imekuwa ya kamati. Wakiniuliza, nitawaambia alichonifanyia Mintwab: alikisoma kitabu chote, pamoja na choo na udongo wao, kwa sababu alikuwa anamtafuta fisi. Hakuna aliyewahi kuusoma udongo wao kwa hiari kabla ya hapo. Sijui kama watasikia.

Kabla ya kengele Mintwab aliniuliza swali. "Mwalimu, fisi yuko kitabu gani?"

Nikamwambia hayupo kitabuni, yuko kichwani mwangu, na mwingine yuko kwenye sanduku la dada mmoja Bahir Dar.

Akanitazama kichwa kwa muda, bila heshima nyingi. "Basi mwandike," akasema, "nimsome."

Nikachukua karatasi. Hukunieleza kwamba ni kazi ngumu namna hiyo. Mdomoni fisi alikuwa anatoka korongoni bila taabu. Kwenye karatasi alikataa kutoka mpaka nilipofuta mara kadhaa, na watoto wakawa wamesimama wakinizunguka, wananitazama mkono. Nikampa mistari michache, wino bado mbichi. Akaigeuza kichwa chini, akaanza.

Asrat